Dekio la vumbi linaloshika vumbi kweli: namna ya kulitengeneza mwenyewe kwa vitu vya mtaani

Wadau, hapa naongelea dekio kavu, lile bapa la kusukuma kwenye marumaru kabla hujapiga deki ya maji, sio lile la manyuzi la kukamulia kwenye ndoo. Wengi wetu hii hatua tunairuka. Tunafagia haraka haraka na fagio alafu tunamwaga maji, na lile vumbi lililobaki linageuka tope jembamba, sakafu ikikauka unaona mistari ya kijivu, unabadilisha maji unarudia tena, mgongo unauma na bili ya maji inapanda. Fagio nalo lina shida yake, vumbi zito linaenda mlangoni ila lile jepesi linapaa. Ukifagia asubuhi jua likiwa linaingia dirishani utaliona lote liko hewani, linaelea weee alafu linashuka polepole palepale ulipotoka kufagia. Nyumba yenye mtu wa pumu au mtoto mchanga hili sio jambo la kupuuza hata kidogo.

Sasa madekio makavu yapo madukani, ila mengi ya bei ya chini yana makosa yanayofanana: mpini mfupi, kiungo kinacholegea mapema, tambara linaloteleza juu ya vumbi badala ya kulishika. Uzuri ni kwamba makosa yote haya yanarekebishika na fundi seremala wa mtaani, fundi cherehani na mabaki ya vitu ambavyo tayari unavyo. Nitaeleza kipimo kwa kipimo.

Kabla ya kukata chochote, angalia chini ya dekio

Chukua dekio lolote kavu, lako au la kuazima, pita nalo chumba kizima bila kulinyanyua, alafu ligeuze. Mara nyingi utakuta mstari mweusi ukingo wa mbele tu, upana wa kidole hivi, na kwingine kote tambara bado jeupe. Yani tambara lote lile umelisukuma bure, kazi imefanywa na ukingo, na ukingo ukishajaa vumbi linalofuata linasukumwa mbele na kutorokea pembeni. Watu wakiona hivyo wanalaumu tambara wanaenda kununua lingine, kumbe kosa ni la ubao. Ubao ukiwa bapa kabisa, ukingo wa mbele unaikandamiza sakafu na vumbi halipati pa kuingilia.

Endelea kuangalia. Weusi ukiwa upande wa kulia tu au kushoto tu, kiungo kinalalia upande mmoja. Katikati kukiwa kuchafu na ncha zote mbili safi, ubao umepinda. Na ukikuta juu ya marumaru pako safi ila kwenye ile mistari ya maungio vumbi bado limekaa, basi hakuna kitu laini kati ya ubao na tambara, ubao mgumu unapita juu juu. Hili tambara chafu ndio litakuambia urekebishe nini, kwa hiyo usilifue kabla hujaliangalia vizuri kwenye mwanga.

Vitu vya kutafuta

Kipande cha plaiwudi ya milimita 9, bawaba moja ya inchi 2, boliti moja ya milimita 8 na washa mbili na nati yake (chukua ile nati yenye plastiki ndani, hailegei kwa kutikiswa), mpini wa mbao, ndala kubwa zilizochakaa pea mbili au tatu au mkeka wa povu wa watoto, tyubu ya baiskeli iliyotoboka, gundi ya fundi viatu, na vitambaa ambavyo nitavieleza mbele. Rangi ya mafuta kidogo, hata ile iliyobaki kwenye kopo baada ya kupaka geti inatosha.

Hatua ya 1: ubao

Kwa nyumba ya kawaida kata sentimita 45 kwa 12. Usitamani ubao mpana zaidi kwa kudhani utamaliza haraka, ukifika kwenye miguu ya viti vya mezani utakwama kila dakika. Wa sentimita 60 na kuendelea ni wa kumbi, madarasa na korido. Ukingo wa chini wa mbele na wa nyuma upige msasa uviringike kidogo, uinuke milimita 2 au 3 tu, ili vumbi lipate njia ya kuingia chini badala ya kusukumwa. Pembe usizikate duara, ukizikata duara hutafika kwenye kona za chumba, zipunguze ncha tu zisichane tambara.

Alafu paka rangi ya mafuta pande zote na hasa kwenye kingo, mara mbili. Plaiwudi isiyopakwa ikipata unyevu inavimba na kuachana, na ubao ukishapinda hakuna tambara litakalokusaidia.

Hatua ya 2: povu, na hapa ndio kwenye siri yenyewe

Usibandike povu la godoro. Ni laini mno, linalala baada ya muda mfupi na halinyanyuki tena. Povu la ndala au la ule mkeka wa watoto ni bora kwa sababu lina ukakamavu kidogo, unabonyea linarudi.

Kata mistari mitatu yenye upana wa sentimita 3, urefu sawa na ubao, unene milimita 8 hadi 10. Ndala moja haitoshi urefu, kwa hiyo unganisha vipande ncha kwa ncha, hakikisha vyote vina unene sawa. Bandika chini ya ubao kwa gundi ya viatu, mmoja ukingo wa mbele, mmoja katikati, mmoja ukingo wa nyuma. Hapo kati ya mstari na mstari inabaki nafasi ya sentimita 1 na nusu. Hizo nafasi ndio dawa. Tambara likishavalishwa, badala ya ukingo mmoja unaofanya kazi unapata kingo tatu, vumbi lililoponyoka wa kwanza linakutana na wa pili, na zile nafasi zinakuwa mahali pa kulihifadhi lisitoke. Ukilitumia ukaligeuza sasa utaona mistari mitatu ya weusi. Povu pia linasukuma tambara liingie kwenye maungio ya marumaru na kwenye sakafu ya saruji ambayo haijanyooka.

Ukimaliza kubandika, weka ubao chini na vitabu vizito juu yake usiku kucha.

Hatua ya 3: kiungo

Kiungo kikiwa kibovu dekio zima ni bovu. Kinatakiwa kukunja kwa pande mbili: mbele na nyuma, ili mpini ulale ukiingia chini ya kitanda, na kushoto na kulia, ili ukizungusha mkono kidogo kichwa kigeuke chenyewe. Na kiwe CHINI iwezekanavyo. Kiungo kikiwa juu, kila ukisukuma nguvu yako inainua nyuma ya ubao na kuchimbia mbele, na ndio maana madekio mengine yanapinduka ukiongeza mwendo kidogo.

Bawaba inawekwa katikati kabisa ya ubao, pima kwa rula usikadirie kwa macho, mhimili wake ufuate urefu wa ubao. Upande mmoja wa bawaba unalala kwenye ubao kuelekea mbele, ufunge kwa skrubu fupi zisizotoboa mpaka chini. Upande wa pili unasimama wima. Huo unaosimama ufungie kijimbao kigumu, mninga ni mzuri, kama sentimita 4 upana, 6 urefu na 2 unene, na kifungwe upande wa MBELE wa bawaba. Hili msimamie fundi, maana akikifunga kwa nyuma mpini ukilala kitagonga ubao na dekio halitaingia chini ya kitu chochote. Kijimbao kiinuliwe kidogo, nusu sentimita kutoka kwenye ubao, kisikalie vichwa vya skrubu.

Toboa kijimbao kutoka mbele kwenda nyuma, sentimita 4 juu ya ubao, pitisha boliti ikiingilia nyuma na ncha yake itokee mbele, kichwa chake kizame ndani ya mbao. Ncha ya mpini ichongwe iwe bapa upande mmoja, itobolewe, ivalishwe kwenye boliti na washa kila upande, alafu kaza nati mpaka mpini ucheze kulia na kushoto kwa kusukumwa ila usianguke wenyewe. Hapo fundi mzuri hachukui hata nusu saa.

Hatua ya 4: mpini

Hapa nitasema kwa nguvu kidogo. Watu wanaofanya usafi kwa siku nzima, dada zetu majumbani, wale wa mahospitalini na maofisini, wanapewa mipini ya sentimita 110 au 120 na wanainama kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mhandisi wa Hispania Manuel Jalón alipotoa dekio lake la maji na ndoo mwaka 1956, watu wa kule walilipokea kwa furaha kwa sababu moja kubwa, liliwatoa magotini wakasafisha wakiwa wamesimama. Leo bado tunampa mtu dekio linalomkunja mgongo kwa ajili ya sentimita 30 za mbao.

Kipimo ni hiki: simamisha mpini wima, ncha ya juu ifike kati ya kidevu na pua ya anayetumia. Mtu wa sentimita 160 anahitaji kama sentimita 140, mrefu zaidi mpe 150 na kidogo. Unene sentimita 3 hivi, mwembamba kuliko hapo unachosha vidole kwa sababu unaubana sana. Piga msasa mpaka usisikie ukwaru wowote, na ncha ya juu iviringishe vizuri kwa sababu mkono wa juu unaikalia hiyo ncha, kazi yake ni kuzungusha tu, mkono wa chini ndio unasukuma. Nyumba yenye watumiaji wawili wenye vimo tofauti, chongesha mipini miwili, ni kufungua nati moja na kubadilisha.

Hatua ya 5: tambara

Vitambaa viko vya aina tatu unavyoweza kupata kirahisi.

Pamba, yani fulana kuukuu, khanga. Inashika vumbi kidogo ikiwa kavu, ni nzuri kwa dekio la maji ila hapa sio chaguo la kwanza. Zamani dekio la pamba lilikuwa linapakwa mafuta mepesi ili vumbi linate, na wapo wanaofanya hivyo mpaka leo. Mi sishauri, kwenye marumaru mafuta yanaacha utelezi na mtu mzima akianguka ni hatari. Na yale mafuta ya kupakia fanicha yanayokauka, kama ya kitani, tambara lililolowa ukilikunja na kulitupa stoo linaweza kujipasha joto lenyewe mpaka likawaka moto. Hilo ni la kweli kabisa, sio hadithi.

Ya pili ni flisi, lile kitambaa la majaketi na mablanketi ya mitumba, laini lenye manyoya. Ni poliesta, ukilisugua kwenye sakafu linapata umeme tuli, ule unaofanya nywele zisimame, na huo ndio unaovuta vumbi. Rahisi mno kupata. Ila umeme tuli unapenda hewa kavu, hewa ikiwa na unyevu mwingi unapotea haraka. Kwa hiyo mtu wa Dodoma au Singida wakati wa kiangazi flisi itamtosha kabisa, wakati mtu wa Tanga, Mombasa au Zanzibar atashangaa mbona kwake haifanyi kazi vile, na jaketi ni lilelile.

Ya tatu, na ndio ninayoipendekeza kwa Pwani, ni maikrofaiba, zile taulo za kufutia magari. Nyuzi zake ni nyembamba mno, kwa kipimo cha viwandani uzi wa mita 9,000 hauzidi gramu 1, na zile nzuri kila uzi umepasuliwa ukawa na kingo kali kingo kali, kwa hiyo unakwangua na kubeba vumbi hata bila umeme tuli. Kuitambua iliyo nzuri: ipitishe kwenye kiganja kikavu, inatakiwa inate nate kwenye ngozi, inakwama kwenye vile vikwaru vya vidole. Ikiteleza kama kitambaa cha shati, iache. Jaribio lingine ni tone la maji mezani, nzuri inalinyonya papo hapo, mbaya inalisukuma.

Chora kwanza kipimo kwenye katoni ukiweke. Tambara liwe sentimita 49 kwa 16, yani limezidi ubao sentimita 2 kila upande, hiyo ziada ndio inafika chini ya ukingo wa kabati na kwenye kona ya ukuta. Chagua rangi ya mwanga, nyeupe, njano, bluu ya maji. Najua wengi wanapenda kijivu iliyokolea kwa sababu haionyeshi uchafu, lakini hapa tunataka uchafu uonekane ili ujue muda wa kubadilisha.

Mgongoni shonea kitambaa kigumu, jinzi iliyochakaa inafaa sana. Ifue na kuikausha kwanza kabla ya kushona! Pamba inaruka, yani inapungua ukubwa, na poliesta hairuki, ukishona bila kuifua, siku ya kwanza tu ya kufua tambara lote linajikunja na huwezi kulinyoosha tena. Ncha ya kushoto shona mfuko wa kina cha sentimita 8 wa kuingizia ubao, ncha ya kulia weka ulimi wa kupandisha juu ya ubao ukafungwa kwa velkro au lastiki pana. Mwambie fundi cherehani apige mishono miwili kwenye mfuko, hapo ndipo panapovutwa zaidi.

Ukingo wa mbele unaweza kuongeza manyoya ya nyuzi za kufumia, na yawe vitanzi, yasiwe ncha zilizokatwa. Ncha zilizokatwa zinamwaga nyuzi kila ukifua na zinajisokota. Vitanzi vya sentimita 3 vinatosha. Lakini kama ni dekio la saluni, achana na vitanzi kabisa, nywele na rasta zitajifunga humo utakaa unachambua na mkasi, tumia flisi tupu, nywele zinakusanyika juu unazivuta kama zulia moja.

Shona matambara matatu kwa kila dekio. Tambara moja halitoshi, likishajaa mtu ataendelea nalo tu.

Hatua ya 6: kinga ya fanicha

Pasua tyubu ya baiskeli katikati, kata ukanda wa sentimita 2, zungushia ubavu wa ubao kwa gundi na vimisumari vidogo vyenye kichwa bapa, ila ubao ukishavaa tambara hakikisha mfuko bado unaingia bila kulazimisha. Miguu ya meza na rangi ya ukuta vitapona.

Kulitumia

Anzia ukuta wa mbali kuelekea mlangoni, sukuma taratibu, na ukifika mwisho usilinyanyue, zungusha kifundo cha mkono kichwa kigeuke, urudi nalo kwa mchoro wa nane uliolala. Ukingo wa mbele ubaki uleule wa mbele muda wote. Ukilinyanyua katikati ya chumba umeshamwaga. Ukifika mlangoni ndio unasimama, unakusanya rundo kwa kizoleo.

Mchanga ni habari nyingine. Dekio hili halikamati mchanga, chembe zake ni nzito, zitasukumwa mbele, na ukizikandamiza chini ya ubao zinakwaruza marumaru mpaka mng'ao unapotea. Kwa nyumba za karibu na bahari au zenye uwanja wa mchanga toa mchanga kwanza kwa fagio laini, na weka mkeka wa kujifutia miguu nje ya mlango.

Siku zenye unyevu sana, ukiona tambara halishiki, nyunyizia maji kidogo mno kwa chupa ya spirei kwa mbali, mipuliko miwili mitatu, ukiligusa usisikie ubichi. Ukizidisha umerudi kwenye tope.

Kufua

Livuliwe tambara likiwa ndani ya mfuko wa plastiki, lipige piga humohumo vumbi libaki ndani, sio kukung'utia balkoni vumbi liende kwa jirani wa chini. Fua kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu, lifue peke yake, likichanganywa na taulo za pamba linaokota vinyuzi vyote vya taulo na siku ya pili litakuwa linaweka uchafu badala ya kutoa. Usitumie dawa ya kulainishia nguo, inaacha utando juu ya nyuzi na kunata kwote kunaisha. Usitumie dawa ya klorini, na usipige pasi, nyuzi zinayeyuka. Anika kwenye upepo.

Tambara ambalo hata likiwa limetoka kufuliwa halinati tena kwenye kiganja, limeisha, litumie kufutia baiskeli au pikipiki.

Ukitaka kuyatengeneza kwa kuuza

Vipimo vya ubao vyote viwe sawa bila kukosea hata milimita 3, ili mteja arudi kununua tambara tu na limtoshe. Tengeneza bodi chache na matambara mengi, maana ubao ukipakwa rangi vizuri unakaa miaka na matambara ndio yanayoisha. Muuzie mteja dekio moja na matambara matatu kama seti, na mipini ipime mbele yake akiwa amesimama wima, bila viatu, uikate hapohapo.